Baada ya Pasaka Tufanye Nini?

Sikukuu ya Pasaka imepita. Hapa Usoke ndugu zetu Wamoravian waliamka kabla ya jua, wakaenda makaburini wakiimba. Hiyo ni desturi ya kanisa lao tangu mwaka 1732, ilipoanza katika kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani. Wakatoliki nao waliwasha mshumaa mkubwa usiku wa Jumamosi. Watoto walivaa nguo mpya. Kuku walichinjwa. Kwaya ziliimba mpaka sauti zikakauka.

Jumatatu watu walipumzika. Jumanne kila mtu akachukua jembe lake.

Leo tunataka kuzungumza juu ya hiyo Jumanne. Mtu ameimba kwamba Yesu amefufuka. Sawa. Je, siku ya Jumanne anafanya nini? Na siku ile ya mwezi wa nane, ambapo hakuna sikukuu wala kwaya wala nguo mpya, imani yake inaonekana wapi? Tunawaandikia hasa Wakristo, lakini ndugu zetu Waislamu nao wasome, kwa sababu mambo tutakayoyataja yanagusa kila nyumba.

Samaki juu ya makaa

Fungua Injili ya Yohana, sura ya 21. Kwa vile sasa unajua kusoma, isome mwenyewe polepole. Humo tunaelezwa kwamba baada ya Yesu kufufuka, wanafunzi wake walirudi kwenye uvuvi. Walikesha ziwani bila kupata kitu. Kulipokucha walimkuta Yesu ufukoni. Alikuwa amewasha moto wa makaa, juu yake pana samaki, na mkate upo. Akawaita waje kula.

Hebu tazama jambo hilo. Huyu ndiye aliyeshinda mauti. Tungetegemea afanye jambo kubwa la kutisha watu. Lakini yeye anapika chakula cha asubuhi kwa watu waliochoka, wenye njaa na usingizi. Walipokwisha kula alimwuliza Petro mara tatu kama anampenda. Petro alipojibu ndiyo, kila mara alipewa kazi: kutunza kondoo. Hakuambiwa aimbe.

Tena katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, Wakristo wa kwanza waligombana. Sababu ya ugomvi ilikuwa chakula. Wajane wengine walikuwa wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakusema hilo ni jambo dogo. Walifanya mkutano, wakachagua watu saba washughulikie. Sisi tunaona neno kubwa hapo ni "kila siku". Mjane hali mara moja kwa mwaka.

Ndiyo maana makanisa mengi yanahesabu majira ya Pasaka kuwa siku 50, mpaka Pentekoste. Wengi wetu tunaikata ikawa siku mbili, tukamaliza.

Mzigo wa siku ya arobaini

Watu wa Unyamwezi wanajua habari ya mzigo. Zamani, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo yote ilipita kichwani na mabegani mwa watu. Babu zetu walikuwa wapagazi wenye sifa. Walibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga na baruti. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kilo 30 au zaidi, na safari ya kutoka pwani mpaka Tabora ilichukua miezi miwili hata mitatu.

Kubeba siku ya kwanza kila mtu anaweza. Kazi yenyewe ni asubuhi ya siku ya arobaini, mabega yamechubuka, maji ni haba, na mzigo ni uleule wa jana.

Njia hiyo tusiisifu kupita kiasi. Ilipitisha watumwa pia, watu waliofungwa minyororo. Na habari tunayotaka kueleza sasa ni ya mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Yeye hakutekwa katika njia hii yetu, bali katika njia nyingine ya mbali sana. Hata hivyo alikuja kwetu, akabeba mzigo wake kwa miaka 67.

Daktari Adrian Atiman

Mtu huyu aliitwa Adrian Atiman. Alizaliwa miaka ya 1860 karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi ambayo sasa inaitwa Mali, Afrika ya Magharibi. Angali mtoto mdogo alitekwa na wafanya biashara ya watumwa. Walimvusha jangwa la Sahara mpaka upande wa Algeria. Huko mapadre wa shirika la White Fathers walimkomboa, yaani walilipa fedha ili awe huru. Watu wengi wanawaita Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao. Shirika lao lilianzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868.

Lavigerie alikuwa na shauri lake. Alisema Waafrika wasomeshwe udaktari, kisha warudi Afrika wakatibu watu na kufundisha dini. Kwa hiyo Atiman na vijana wenzake walipelekwa kusoma katika kisiwa cha Malta tangu mwaka 1881. Alisoma huko miaka saba. Mwaka 1888 alipanda meli, akashuka Zanzibar, akaingia bara kwa miguu pamoja na msafara. Alifika Karema mwaka 1889. Karema ni pwani ya Ziwa Tanganyika, katika mkoa ambao sasa unaitwa Katavi.

Fikiri hali ilivyokuwa. Hospitali hakuna. Dawa zinabebwa na wapagazi kutoka pwani kwa miezi kadhaa. Watu wa pale hawamjui. Ni Mwafrika mwenzao, ndiyo, lakini lugha yao haijui na kwao ni mbali sana. Ndui ilikuwa inaua watu. Baadaye malale, yaani ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, yaliingia katika vijiji vya pwani ya ziwa. Kulikuwa na vidonda, kulikuwa na watu waliojeruhiwa na wanyama, kulikuwa na homa kila masika.

Atiman alitibu. Kesho yake akatibu tena. Alioa mwanamke wa huko huko, na mtoto wao mmoja wa kiume alikuja kuwa padre. Alikuwa pia katekista, yaani mwalimu wa dini. Kwa hiyo watu waliomsikia akifundisha ndio hao hao waliomwona akisafisha vidonda vyao. Sisi tunadhani hilo lilikuwa fundisho kubwa kuliko maneno.

Serikali ya Kijerumani ilikuja, ikaondoka. Vita ya kwanza ikapita. Waingereza wakaja. Vita ya pili nayo ikapita. Atiman alikuwa bado Karema. Katika uzee wake alipewa nishani, naye akaandika kwa ufupi habari za maisha yake, zikachapishwa. Alikufa mwaka 1956, Karema hapo hapo, akiwa mzee wa karibu miaka 90. Leo nyumba ya mapadre hao mjini Dar es Salaam inaitwa Atiman House kwa kumkumbuka.

Pasaka alizokaa Karema zilikuwa zaidi ya 60. Kila Pasaka ilikuwa na Jumanne yake, na Jumanne hizo wagonjwa walikuwa mlangoni.

Wa karibu na kwetu

Labda msomaji wa Usoke atasema, "Karema ni mbali, na huyo alikuwa daktari." Vema, tuje karibu. Mwaka 1879 daktari mmoja Mwingereza, Ebenezer Southon, alifika Urambo kwa mtemi Mirambo. Alitumwa na shirika la London Missionary Society. Alikaa miaka mitatu tu, akitibu watu wa mtemi. Mwaka 1882 bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikamvunja mkono. Daktari mwingine wa kumtibu hakuwepo karibu. Alikufa akazikwa Urambo. Miaka mitatu ni michache mbele ya 67, lakini hakuiacha kazi. Kifo ndicho kilichomkuta kazini.

Na wasiokuwa madaktari je? Mwaka 1898 kazi ya Urambo ilipokewa na Wamoravian, wakaieneza mpaka Usoke, Sikonge na kwingineko. Ikaja vita. Mwezi wa Septemba mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na wamisionari Wajerumani wakachukuliwa mateka. Katika sehemu nyingi walimu wenyeji na wazee wa kanisa ndio waliobaki. Walisalisha, walizika, walitembelea wagonjwa. Majina yao wengi hayakuandikwa mahali.

Kumtazama mtu akimeza dawa

Sasa tuje kwenye siku zetu. Unaweza kuuliza, "Mimi sina dawa wala elimu ya udaktari. Nimtumikie jirani kwa njia gani?" Ziko njia nyingi: kumtekea maji mzee asiye na mtu, kufagia kisima, kumlimia mjane ekari yake. Hizo unazijua. Sisi tutaeleza njia moja tu, tena kwa kirefu, kwa sababu wengi hawaijui na inaokoa maisha.

Ugonjwa wa kifua kikuu, au TB, unatibika. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali na vituo vya serikali na vya makanisa. Tabu ni kwamba zinamezwa kwa muda wa miezi sita, kila siku, bila kuacha. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa anatumia dawa za aina nne. Miezi minne inayofuata anatumia za aina mbili.

Hatari iko wapi? Iko katikati. Baada ya wiki chache mgonjwa anajisikia vizuri. Kikohozi kimepungua. Anakula. Anasema, "Mimi nimepona, vidonge vya nini tena?" Akiacha, vijidudu vilivyobaki vinaamka. Tena huenda vikawa vimezoea dawa, na matibabu yake sasa ni magumu na marefu zaidi. Mbaya kuliko yote, atawaambukiza watu wa nyumbani mwake vijidudu hivyo vigumu.

Tuchukue mfano. Jina hatutaji, maana watu wa namna hii wako katika kila kijiji. Mkulima wa tumbaku amegunduliwa ana TB mwezi wa nne, siku chache baada ya Pasaka. Kwake huo ni wakati wa kazi. Tumbaku iliyobaki inakaushwa kwenye bani, moto unataka kuni usiku na mchana. Mahindi na karanga vinangoja kuvunwa. Mwezi wa sita anajisikia na nguvu. Hapo ndipo anaposahau.

Sasa ana jirani, mama mmoja. Kila asubuhi akienda kisimani anapita kwake.

"Hodi, baba."

"Karibu, mama. Mwangaluka."

"Mwangaluka. Umeshameza?"

"Bado. Nilikuwa nataka kwanza niongeze kuni kwenye bani."

"Kuni zitangoja. Meza nikuone."

Anameza. Mama anachukua ndoo yake anaondoka. Dakika tatu zimetosha.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Utaona ni kitu kidogo, karibu cha kuchekesha. Lakini usidharau. Mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma ulianza Tanzania mwaka 1977. Daktari Karel Styblo alifanya kazi pamoja na serikali yetu katika mpango huo, na msingi wake mmoja ulikuwa huu: mgonjwa ameze dawa huku mtu anamtazama. Wagonjwa wakapona kwa wingi. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya la Dunia likachukua njia hiyo na kuzihimiza nchi nyingine ziifuate. Kwa hiyo dunia ilijifunza kwetu, na watu wa vijijini hawajui kwamba wao ndio walimu.

Mwanzoni mgonjwa alitazamwa na mganga wa zahanati. Siku hizi mgonjwa anaweza kumchagua mtu wa nyumbani au jirani amsimamie. Ukichaguliwa, nenda naye zahanati ukaelezwe vizuri. Utapewa karatasi ya kuweka alama kila siku anapomeza. Hapo ndipo kujua kusoma na kuandika kunapofaa. Alama moja kila asubuhi, kwa siku 180 hivi.

Yako mambo machache ambayo msimamizi anapaswa kuyajua. Dawa hizo hugeuza mkojo ukawa mwekundu au wa rangi ya chungwa. Mwambie mgonjwa mapema, asije akadhani anakojoa damu akatupa vidonge. Lakini macho yakigeuka manjano, au akitapika sana, mpeleke zahanati upesi. TB huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa. Haienei kwa sahani wala kwa kupeana mkono. Wako wanaomtengea mgonjwa kikombe chake na kumlaza peke yake kibandani hata baada ya miezi mitatu ya dawa. Hiyo ni kumwumiza bure. Akiwa anameza dawa zake sawasawa, baada ya wiki chache hatari ya kuambukiza hupungua sana. Fungua madirisha, hewa ipite. Watoto wadogo wa nyumba ile wapelekwe wakapimwe. Na mtu yeyote anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi aende akapimwe makohozi, asikae akinywa mizizi akingoja.

Ukoma nao ni hivyo hivyo. Sikonge, jirani zetu, kanisa la Moravian lilitunza wakoma kwa miaka mingi, tangu zamani ambapo dawa nzuri haikuwepo na mgonjwa alifukuzwa na ndugu zake. Leo ukoma unatibiwa kwa miezi 6 au 12, bure, na mgonjwa anakaa nyumbani kwake. Akiwahi, vidole vyake havikatiki. Akichelewa kwa ajili ya aibu, vinaharibika, na dawa haiwezi kuvirudisha. Aibu hiyo inaondolewa na jirani anayekuja kukaa naye na kula naye.

Yanayowashinda wengi

Wengine watasema kazi hii ni ya serikali. Kweli, serikali inaleta dawa. Lakini serikali haiwezi kupiga hodi kila nyumba kila alfajiri. Wengine watasema ni kazi ya mchungaji au padre. Mchungaji mmoja ana sharika ngapi? Watu saba wa Matendo ya Mitume walichaguliwa kwa sababu hiyo hiyo.

Lipo pia jambo ambalo hatupendi kulisema, lakini tutalisema. Kabla ya Pasaka kwaya nyingi huchanga fedha za sare mpya. Hatusemi sare ni dhambi. Tunauliza tu: katika kwaya yenye watu thelathini, ni wangapi wanajua nani anaumwa katika mtaa wao? Wakigawana, kila mmoja atapita kwa mgonjwa siku moja kwa mwezi. Lakini kwa dawa ya TB tunaona ni afadhali mtu mmoja au wawili wanaojulikana. Thelathini hutegeana. Kila mmoja atadhani mwenzake amepita.

Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, yaani nyumba kadhaa za jirani zinazokutana kila wiki kusali. Wamoravian wana vikundi vya akina mama. Huko ndiko mahali pazuri pa kuulizana. Isipite wiki bila kuuliza: nani hakuonekana? Nani anakohoa? Tena tukubali ukweli, kazi hii kwa sasa inafanywa zaidi na akina mama, na akina baba tunawaachia. Mwanamume naye ana miguu ya kupita kwa jirani.

Jambo jingine. Usimtumikie mtu ili umvute kanisani kwako. Tabora ina Waislamu tangu siku za misafara, na mgonjwa wako huenda akawa Mwislamu. Mpe dawa yake, basi. Wakati wa mwezi wa Ramadhani ongea naye na mganga wa zahanati kuhusu saa ya kumeza, maana mgonjwa ana ruhusa zake katika dini yake, na shehe wake anaweza kumweleza.

Na siku ukichoka? Utachoka. Kuna asubuhi ya mvua, kuna siku ya msiba, kuna siku mgonjwa mwenyewe atakutukana kwa sababu amechoka na vidonge. Siku hiyo mtume mwanao, au mwombe mwenzako wa jumuiya apite badala yako. Ukikosa siku moja, usikate tamaa ukaacha kabisa. Ameze siku inayofuata, na zahanati ijulishwe. Kinachoharibu ni kukaa kimya wiki nzima.

Kama yule mkulima alianza dawa mwanzoni mwa Aprili, vidonge vya mwisho ataviona mwanzoni mwa Oktoba, watu wakiwa kwenye vitalu vya tumbaku na wengine wakingoja mvua. Kabla ya hapo zahanati itampima makohozi mwishoni mwa mwezi wa pili, mwezi wa tano na tena mwezi wa sita. Msimamizi aende naye siku zote tatu, na aichukue ile karatasi yenye alama.